Mti Uliosawazishwa

Upande wa mama yangu, kule milimani Umatengo, binti haondoki kwao bila mbegu. Vyombo vitafuata, kitanda kitafuata au kisifuate kabisa, lakini siku ya kuagwa mama yake anamkabidhi maharage ya kupanda, yaleyale aliyokabidhiwa yeye na mama yake. Mama aliyaleta Songea kwenye kibuyu kidogo alipoolewa na baba, Mngoni wa nje kidogo ya mji. Wifi zake wakamcheka kwamba huyu amekuja na mboga. Akayapanda nyuma ya nyumba, upande wa vilima vya Matogoro, mwaka baada ya mwaka, wakayala wote pamoja na hao wifi. Maharage yenyewe hayakuwa ya kutamanisha macho: madogo, ya kijivu, yenye duara jeusi kuzunguka jicho. Lakini yalivumilia ukungu, na yaliiva kabla kuni hazijakwisha. Mimi ni binti yake pekee, kwa hiyo tangu utotoni nilijua kwamba ipo siku yatakuwa yangu. Ndiyo maana nina hasira, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Wanaonifahamu huniambia nisamehe. Wasamehe wao.

Desturi hiyo ina upande wa pili, na huo ndio uliotuponza. Mbegu haiuzwi. Mtu hupewa bure, na ukishampa amekuwa ghala lako. Mwaka wako ukiharibika unakwenda kwake, unapiga hodi, naye anakutolea bila maneno, maana alichonacho ni chako pia. Mama alikwishawatolea wanawake wengi kwa mtindo huo, na mwaka mmoja wa njaa alitolewa yeye. Hakuona ajabu yoyote, wala hakudhani kuna watu duniani wanaopokea mbegu kwa namna nyingine.

Mimi nilisoma. Nilirudi Songea na shahada ya baiolojia wakati serikali imekwisha kuacha kuajiri, chama cha ushirika kimekufa, na ghala lake limekatwa vyumba: huku mitumba, huku saruji, huku saluni. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mtu alikuwa huru kufanya biashara, na wengi wetu hatukuwa na cha kuuza. Kazi niliyoipata ilikuwa kwenye mradi wa wafadhili uliokusanya mbegu za asili za mkoa wetu. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga pale Msamala, na ndani yake kulikuwa na kompyuta moja, friji kubwa ya kugandishia, jenereta la kuisaidia friji umeme ukikatika, na mratibu.

Mratibu huyo alikuwa bwana shamba wa zamani aliyepunguzwa kazini. Alipopunguzwa hakulia, alijifunza maneno mapya. Alipokuwa serikalini alisema wakulima, sasa akasema wadau. Alikuwa mcheshi, mwenye heshima mbele ya watu wazima, na sauti yake ilikufanya ujisikie kwamba jambo lako limekwisha kushughulikiwa. Nilimpenda kwa mwaka mzima.

Nilimpeleka nyumbani mimi mwenyewe. Aliinama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibuni, karibuni ndani."

Akaeleza mradi wake, mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na maharage ya kijivu, akamjazia kopo mpaka juu.

"Chukueni," alisema. "Siku nikiishiwa, ninyi ndio ghala langu."

"Mama, sisi tuna friji," mratibu akasema akicheka. "Mbegu yako itakaa hata wajukuu wa wajukuu waikute."

Mama akapiga magoti kidogo kumshukuru, yeye aliyetoa akimshukuru aliyepokea. Nilifurahi kuliona jambo hilo. Niliona mbegu ya kwetu imeingia shuleni.

Msimu uliofuata mvua hazikukatika. Maharage yalioza yakiwa kwenye maganda yake, hata yale ya kwetu yaliyozoea ukungu, na yale machache mama aliyookoa yaliota kuvu ndani ya kibuyu. Akapanda gari kwenda kwao milimani kuomba. Huko akakuta kila shamba limepandwa maharage mekundu ya madoa. Wachuuzi wa soko huria walikuwa wananunua rangi moja tu. Ukiwapelekea mchanganyiko wanaugeuza kwa kidole na kuondoka. Dada zake, shangazi zake, hata wale aliowapa yeye, wote walikuwa wameshaacha ya kijivu. Alirudi na mkungu wa ndizi.

"Si kitu," akaniambia. "Yangu si yapo kwenu?"

Harusi yangu ilikuwa imekwisha kupangwa baada ya mavuno yaliyofuata. Kwa hiyo kopo lile ndani ya friji ya Msamala lilikuwa mbegu yote iliyobaki, na mimi ndiye niliyekuwa nikiingoja. Nilimwendea mratibu kesho yake asubuhi. Funguo za friji zilikaa mfukoni mwake, pamoja na za gari.

"Sampuli haiguswi kabla ya kikao, binti," alisema. "Ndiyo kanuni. Kikao kikiisha utachukua kopo zima, ukaolewe nalo."

Tulicheka wote wawili.

Kikao alichokisema kilikuwa cha wafadhili. Friji yetu ilikuwa imejaa na gharama ya kuilisha dizeli iliwachosha, hivyo walikuwa wameamua kwamba maharage yagawanywe katika makundi ya undugu, na katika kila kundi ibakizwe sampuli moja. Ile moja ingepelekwa kwenye ghala kubwa la baridi la nje ya nchi. Nyingine zingeondolewa. Majani ya kila aina yalikuwa yamepelekwa maabara huko kwao, na jibu likarudi kwenye disketi: mti wa ukoo wa maharage ya Ruvuma.

Anayesikia mti hufikiri mchoro. Haukuwa mchoro. Ulikuwa mstari mmoja mrefu wa maandishi, mabano ndani ya mabano, majina ya sampuli yakitengwa kwa mikato, na baada ya kila jina tarakimu za kuonyesha aina hiyo imesafiri umbali gani tangu iachane na ndugu zake. Waliofungiwa ndani ya mabano mamoja ni watoto wa mzazi mmoja. Ukizoea, unausoma kama unavyosoma watu waliokaa msibani: huyu amekaa na hawa, wale wamejitenga kule. Nilisoma mpaka nikalikuta harage la mama. Lilikuwa ndani ya mabano pamoja na mengine mawili, la manjano na lile jekundu la wachuuzi, watatu wametoka mahali pamoja kwa mara moja. Lakini tarakimu za mama zilikuwa ndefu kuliko za wenzake wote. Maabara ilikuwa inasema wazi: hawa watatu hatujui nani alitangulia kuachana na nani, ila huyu wa kijivu ameishi peke yake kwa muda mrefu sana. Nilimkumbuka bibi yangu na milima yake, nikajisemea kwamba hata mashine imejua.

Kazi yangu ilikuwa kuutoa mti kwenye mabano na kuuingiza kwenye programu ya takwimu ili ukatwe makundi. Hatua ya kwanza haikunipa taabu. Programu iliyavunja mabano ikayafanya jedwali, kila mstari mzazi upande mmoja na mtoto upande wa pili, na urefu wa tawi pembeni. Hakuna kilichopotea hapo. La mama lilibaki na urefu wake, nami nikatoka nje kunywa chai nikiwa na amani.

Shida ilikuwa ile sehemu ya programu inayokata makundi. Yenyewe haitaki jedwali la mzazi na mtoto. Inataka mti uliopangwa kama ngazi: wawili wanaungana, kisha jozi inaungana na jozi, mpaka juu. Kila mzazi lazima awe na watoto wawili, si watatu. Na lazima majani yote ya mti huo, yaani sampuli zenyewe, yawe mbali sawasawa na shina, pasiwe na tawi refu wala fupi. Nilipoupeleka mti wetu ulivyo, programu ikaukataa mara mbili: mara kwa sababu ya watoto watatu, mara kwa sababu haukuwa umesawazishwa.

Dawa zilikuwepo, na zote zilikuwa za uongo. Kwa wale watatu, programu inakubali kubuni mzazi ambaye hakuwahi kuwepo, mzazi hewa kama wale wafanyakazi hewa wa serikalini, akae katikati awaunganishe wawili na kumwacha wa tatu nje. Na ni wawili gani? Programu inapiga kura. Nilipoiendesha mara ya kwanza iliunganisha jekundu na la manjano, la mama likakaa nje peke yake. Nilipoirudia bila kubadilisha chochote, ikaunganisha la mama na la manjano. Nikairudia tena, ikaunganisha la mama na jekundu. Kisha kusawazisha: programu inafuta urefu wote uliopimwa maabara na kubuni mwingine kwa kuangalia nani ameungana na nani tu. Ukishaunganishwa na jekundu kwa kura, basi unaonekana ulizaliwa nalo jana.

Nilimweleza mratibu yote hayo kwa utulivu, maana nilikuwa bado nampenda. Nilimwonyesha kwenye kioo. Nikaendesha kura mbele yake, la mama likahama. Nikamwambia tuna njia: tuwaache watatu kama walivyo, tupime umbali kutoka kwenye mti wenyewe, tugawe makundi kwa umbali huo bila kulazimisha ngazi.

"Itatoa picha?" akauliza.

"Itatoa jedwali la umbali. Picha tunaweza kuchora mti wenyewe, na matawi yake marefu kwa mafupi."

"Hiyo yenye matawi marefu kwa mafupi ni mbaya, binti. Wageni wanataka iliyokaa sawa, makundi yanaonekana, unapiga mstari unakata." Akaangalia karatasi nilizokuwa nimechapa wakati wa majaribio. Akachagua moja. "Hii. Hii imependeza."

Ilikuwa ile ya tatu, iliyooanisha la mama na jekundu.

"Hiyo ni kura tu," nikasema. "Ningechapa nyingine ingesema vingine."

"Lakini hukuichapa nyingine, na umeme umekatika."

Kweli ulikuwa umekatika, na jenereta lilikuwa la friji peke yake. Sitasema nilikosea kuzichapa zile karatasi. Mtu anayefanya kazi huchapa majaribio yake. Wapo wanaonisikiliza nikisimulia hivi wakingoja nifike mahali pa kujilaumu, wataendelea kungoja.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli. Picha ile iliwekwa kwenye plastiki ikamulikwa ukutani, imenyooka kama uzio uliopimwa kwa kamba, na mratibu akapitisha rula na kuyahesabu makundi. Wageni walitikisa vichwa kukubali. Lilipofikiwa kundi la kijivu na jekundu akapendekeza libaki jekundu, kwa kuwa lina soko. Nilisimama. Niliwaambia kwamba undugu wa hayo mawili umebuniwa na kompyuta, kwamba maabara yao wenyewe imelitenga la kijivu, na kwamba ninao mstari wa mabano mkononi wausome. Mgeni mmoja alionyesha kutaka kuupokea. Mratibu akacheka kwa upole wake uleule.

"Mtamsamehe binti yetu. Ana uchungu na maharage ya mama yake."

Ukumbi ukacheka. Mgeni naye alipotafsiriwa akacheka, akaurudisha mkono wake kwenye soda. Nikakaa chini. Mpaka leo nikisikia ukumbi unacheka kwa heshima namna ile, hujitafutia mlango.

Hata hivyo nilikuwa na ahadi ya kopo. Kikao kilipomalizika nikamfuata penye gari, nikamkumbusha.

"Ukirudi," akasema. "Wewe kesho asubuhi unakwenda Tunduru kukusanya kunde. Ukirudi utalikuta."

Nilikwenda. Njia ya Tunduru wakati ule haikuwa ya kumtuma hata adui yako; basi letu lilizama tukashuka kusukuma, sisi na mbuzi wa watu. Nikakusanya kunde Tunduru, nikakusanya nyingine Nakapanya kando ya barabara, wanawake wakinijazia makopo yangu bure wakiniita mwanangu. Kwa kila mmoja niliandika karatasi ya kubandika, na kila nilipoandika nililifikiria kopo letu.

Niliporudi Msamala nilikuta makopo ya zamani yameoshwa, yamepinduliwa juu ya kichanja uani, yanakauka juani. La mama lilikuwa miongoni mwake. Karatasi yake ilikuwa imebanduka nusu, mwandiko wangu ukiwa bado unasomeka.

Mratibu alinieleza bila wasiwasi wowote. Wageni walikuwa wamefanyiwa chakula cha mchana cha kuagana hapohapo ofisini, na badala ya kuzitupa sampuli zilizoondolewa, mama mpishi alizichanganya akazipika. "Hatukuharibu chakula," alisema, kama mtu anayesubiri kusifiwa. Nilimuuliza kuhusu ahadi yake. Akajipiga paji la uso kwa kiganja. Alikuwa amesahau, na kusahau kwake kulikuwa kwa kweli. Hakuwa mwizi wala mwongo. Ningependa angekuwa mwizi. Mwizi angejua thamani ya alichochukua.

Sikumwambia mama. Nilikuwa nikitafuta pa kuanzia, na kabla sijapapata akaja mwenyewe, kwa miguu, amevaa khanga zake za kanisani, na kibuyu kitupu amekifunga kwenye kitambaa. Aliingia ofisini akapokewa vizuri, akapewa kiti. Hakuonyesha aibu yoyote, kwa nini aone aibu? Alikuwa amekuja kwenye ghala lake.

"Baba, nimekuja kwa ile mbegu yangu. Binti yenu huyu tunamuaga mwezi ujao."

Mratibu hakunitazama. Alitoka akaingia chumba cha nyuma, akarudi na mfuko wa maharage mekundu ya madoa, mfuko mzuri wa nailoni, akampa kwa mikono miwili.

"Haya hapa mama. Utafiti umeonyesha haya na yale yako ni kundi moja."

Mama aliyaangalia. Alichukua machache akayaweka kiganjani, akayageuza kwa kidole gumba. Nilitaka kupiga kelele, nikamwona ananitazama, nikanyamaza. Kwao mbegu unayotolewa haikataliwi. Ukiikataa umemwambia mtoaji kwamba udugu umekwisha. Akafungua kitambaa, akamimina maharage mekundu ndani ya kibuyu cha bibi yangu, akapiga magoti kidogo.

"Asante baba. Mungu awazidishie."

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilimweleza yote huko, mti, mabano, kura, chungu cha mama mpishi, nikilia na kumtukana mratibu matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua. Fadhila ya punda mashuzi, nikamwambia, ndiyo hayo uliyoyabeba. Alinisikiliza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Wageni walisemaje? Walisema matamu?"

Sikujua. Nilikuwa Tunduru.

Niliacha kazi kabla ya harusi. Mradi nao ulifungwa baadaye, mratibu akapata mwingine wa nyuki. Mstari wa mabano ninao mpaka leo. Nimeuhamisha kutoka disketi hadi sidii, kutoka sidii hadi mashine nyingine, na kila programu mpya ninayojifunza nauingiza humo kwanza. Siku hizi zipo programu zinazouchora bila kuusawazisha. Tawi la kijivu linatoka mbali kuliko yote, limenyooka peke yake, na mwisho wake kuna jina nililoliandika kwa mkono wangu. Linachorwa vizuri sana. Haliliki wala halipandiki.

Siku ya kuagwa kwangu nyumba ilijaa. Ilipofika zamu ya mbegu, wanawake wa upande wa mama waliokuja kutoka milimani waliimba wimbo wake, na walikuwa wachache wanaoukumbuka wote. Mama akaja mbele na kibuyu. Mkono mtupu haulambwi, na mbele ya ukoo wa baba asingeweza kuja mikono mitupu. Akanikabidhi. Wanawake wakapiga vigelegele. Aliinama kana kwamba ananibariki, akaniambia sikioni:

"Haya usiyapande. Kapike tu."

Nilipofika kwa mume wangu wifi zangu walinipokea kwa furaha, wakakiona kibuyu, wakakitikisa. Wakaniuliza nitapanda lini, wanionyeshe shamba. Nikawaambia hapana, nimekuja na mboga.